Ngozi inayobabuka kwa mkojo na kinyesi: mwongozo kamili kwa anayemuuguza mtu wa kitandani

Niliitwa nyumbani kwa familia moja nimwangalie bibi aliyepooza upande wa kulia baada ya kiharusi. Tangu mlangoni nyumba ilinukia dawa ya kuulia vijidudu. Kila bibi alipokojoa, mkamwana wake alimwosha kwa maji ya moto, sabuni ya mche na kifuniko kizima cha dawa ile, akamsugua kwa dodoki, akamaliza kwa kumnyunyizia poda. Mara sita au saba kwa siku. Nilipofunua kanga, makalio na mapaja kwa ndani yalikuwa yameiva kama ya mtu aliyemwagikiwa uji wa moto.

Mkamwana yule hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa amechoka, mikono yake mwenyewe imepasuka kwa sabuni, na hakuelewa kwa nini anavyozidi kuosha ndivyo hali inavyozidi kuwa mbaya. Miaka yangu ya wodini na ya kutembelea wagonjwa majumbani nimeiona hali hii mara nyingi: ngozi inaanza kuharibiwa na mkojo, halafu sisi tunaimalizia kwa usafi wa nguvu. Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyeshika kazi hiyo, awe ndugu nyumbani, muuguzi wodini au mtunzaji kwenye makao ya wazee.

Kinachobabua ni nini hasa

Juu ya ngozi yenye afya kuna uchachu kidogo, pH yake (kipimo cha uchachu; namba ikipanda, uchachu umepungua) ikiwa kati ya 4 na 6, na uchachu huo ndio unaowazuia vijidudu na kuiweka ngozi imara. Mkojo ukikaa, bakteria huigeuza yurea iliyomo kuwa amonia, ile harufu inayochoma pua ukifunua nepi asubuhi. Amonia huuondoa uchachu. Na uchachu ukishaondoka, vimeng'enya vilivyomo kwenye kinyesi, ambavyo kazi yake tumboni ni kusaga chakula, hupata nafasi ya kuanza kuisaga ngozi. Ndiyo maana mkojo na kinyesi vikichanganyika ni hatari kuliko kimoja peke yake, na kinyesi cha maji ya kuhara ni kibaya kuliko vyote.

Sasa sabuni ya mche. pH yake ni 9 hadi 10. Inasukuma ngozi upande ule ule ambako amonia inaisukuma, na inakwenda na mafuta ya asili. Ongeza na unyevu: angalia vidole vyako ukishafua ndoo tatu za nguo, vilivyokunjamana na kulegea. Ngozi ya makalio iliyolala kwenye unyevu usiku kucha huwa hivyo, na ukiivuta au kuisugua, inachubuka.

Kwanza kagua, ujue una kidonda gani

Mgonjwa wa kitandani anaweza kupata madhara ya aina mbili yanayofanana kwa mbali. Moja ni huu mbabuko. Nyingine ni kidonda cha mgandamizo, kinachosababishwa na kulalia upande mmoja muda mrefu. Matibabu yake si mamoja, kwa hiyo usipake kitu kabla hujaangalia.

Mbabuko huenea pale mkojo na kinyesi vinapofika: kwenye makalio, kati ya makalio, kinena, sehemu za siri, mapaja kwa ndani. Kingo zake hazieleweki, kama ramani iliyomwagikiwa maji. Huwa juu juu, ngozi inang'aa au imechubuka, hakuna shimo wala nyama nyeusi. Kidonda cha mgandamizo hukaa juu ya mfupa: kifandugu, nyonga, kisigino. Kingo zake huonekana, na kinaweza kuchimba. Bonyeza kwa kidole sehemu iliyobadilika rangi kwa sekunde chache, kisha achia. Rangi isipofifia hata kidogo pale ulipobonyeza, na ni juu ya mfupa, shuku mgandamizo. Mgonjwa anaweza kuwa na vyote viwili, na mara nyingi anavyo, kwa sababu ngozi iliyolowa huvumilia mgandamizo kidogo sana.

Vitabu vingi huandika "tafuta wekundu". Kwa ngozi nyeusi maneno hayo yanapoteza watu. Kwetu dalili ya kwanza inaweza kuwa weusi uliozidi wa jirani, rangi ya zambarau, au pengine mahali palipopauka. Jaribio la kidole nalo halisomeki vizuri. Tumia mikono na masikio: gusa kwa mgongo wa kiganja ulinganishe joto na paja la juu, sikia kama pamekuwa pagumu au patepetevu, muulize mgonjwa kama panawasha au panachoma. Asiyeweza kusema atakunja uso au kukaza miguu ukigusa. Fanya hivyo mchana dirishani au kwa tochi, na kila siku, hata kama jana palikuwa pazuri.

Tafuta kwa nini anavuja

Watu huruka hatua hii wakidhani uzee ni jibu tosha. Uliza:

Mkojo umeanza ghafla siku hizi, unanuka vibaya, ana homa au amechanganyikiwa? Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, apimwe. Ana kisukari kisichodhibitiwa? Sukari ikiwa juu mkojo huwa mwingi, na fangasi hushamiri. Anapewa kidonge cha kukojosha kwa ajili ya presha au moyo? Muulize daktari kama kinaweza kutolewa asubuhi, usiku ukapumzika.

Anahara? Angalia kama amemaliza antibayotiki karibuni, au kama analishwa kwa mpira. Kisha angalia hili ambalo hukosewa sana: mgonjwa hajapata choo cha kawaida kwa siku nyingi, halafu anaanza kutoa kinyesi cha maji kidogo kidogo mchana kutwa. Hiyo inaweza kuwa choo kigumu kimeziba na maji yanapita pembeni. Ukimpa dawa ya kuzuia kuhara umemfungia kabisa. Anahitaji kuchunguzwa na kusaidiwa kutoa ule mzigo.

Na kama ni mwanamke aliyeanza kuvuja mkojo baada ya uchungu wa kuzaa uliochukua muda mrefu, hapo nepi si jibu. Hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na inatibika kwa upasuaji. Hospitali za CCBRT Dar es Salaam, Gynocare kule Eldoret na Panzi ya Bukavu zinaifanya kazi hiyo.

Usimpunguzie maji ili asikojoe. Mkojo mzito ni mkali zaidi kwa ngozi na kwa kibofu, na choo kitakuwa kigumu. Mpira wa mkojo, ule unaoingizwa kwenye kibofu, nao usiombwe kwa ajili ya kurahisisha kazi; unaingiza maambukizi. Una nafasi yake pale ambapo kuna kidonda kikubwa ambacho lazima kikae kikavu, na uamuzi huo ni wa daktari.

Kumwosha, hatua kwa hatua

Andaa kila kitu kabla ya kumfunua. Mgonjwa anayeachwa wazi wakati wewe unatafuta taulo anapata baridi na anaona aibu. Unahitaji glavu, beseni la maji ya uvuguvugu (yajaribu kwa kiwiko), kopo la kumwagia, vitambaa laini vitatu au vinne, mafuta, krimu ya kinga, nepi mpya na mfuko wa taka. Kwa vitambaa, hakuna kinachoishinda kanga ya zamani iliyofuliwa mara mia. Kanga mpya ina wanga, ni ngumu, na inakwaruza. Ifue mara kadhaa kwanza. Dodoki lirudi jikoni.

Mwambie unachotaka kufanya, hata kama hajibu. Funga mlango. Mfunike juu, funua chini tu.

Kama kuna kinyesi, kiondoe kwanza kwa sehemu safi ya ile nepi, ukienda kutoka mbele kuelekea nyuma. Kikishakauka na kung'ang'ania, usikwangue. Weka kitambaa chenye mafuta kidogo au maji ya uvuguvugu juu yake, subiri dakika mbili, kitalainika na kutoka chenyewe.

Sasa osha. Kwa mkojo peke yake, maji yanatosha. Kwa kinyesi, tumia sabuni laini ya maji isiyo na marashi makali, ile ya watoto inafaa, tone moja kwenye kitambaa, na usuuze yote. Sabuni mara moja kwa siku, mara mbili kama amechafuka sana. Nyakati nyingine maji na mafuta. Wenzetu wanaotunza wazee Uingereza na nchi nyingine za Ulaya hupata vitambaa maalumu visivyohitaji kusuuzwa, ni vizuri, ila kopo la maji na mkono mwepesi vinafanya kazi ile ile.

Mwanamke: fungua mikunjo kwa upole, osha kutoka mbele kwenda nyuma, kila mfuto kwa sehemu safi ya kitambaa. Mwanamume asiyetahiriwa: rudisha govi nyuma, osha, kausha, na *urudishe govi mahali pake*. Likisahaulika nyuma huvimba na kukaba kichwa cha uume, na hiyo ni dharura. Inua korodani, osha chini yake. Mgeuze ubavu, osha kati ya makalio. Usisahau mikunjo ya kinena kwa mgonjwa mnene.

Kausha kwa kubonyeza kitambaa, usisugue. Mikunjo ipewe muda wake. Usipeperushe poda: ikikutana na mkojo inakuwa tope, kisha punje zinazokwaruza.

Kumpaka kinga

Ngozi ikishakauka, ipake kitu cha kuzuia maji. Vaselini ya kawaida inafaa kwa ngozi nzima isiyochubuka. Krimu ya zinki ni imara zaidi, nzuri kwa anayehara. Zipo pia za silikoni, nyepesi, bei yake juu. Mafuta ya nazi hulainisha ngozi vizuri na Pwani hayakosekani, lakini hayazuii kinyesi cha maji; yatumie kufutia na kulainisha.

Paka nyembamba. Safu nene ya vaselini huziba nepi, mkojo ukashindwa kuingia na ukabaki pale pale kwenye ngozi. Kipimo changu ni hiki: dondosha tone la maji. Likiteleza na kukaa kama shanga, kinga ipo. Likisambaa, paka tena.

Zinki haitoki kwa maji, na huhitaji kuitoa. Kila unapombadilisha, futa ile tabaka ya juu iliyochafuka tu, acha iliyobaki, ongeza kidogo. Ukitaka kuitoa yote kukagua ngozi, mara moja kwa siku, tumia pamba yenye mafuta. Nimewaona watu wakiisugua zinki mpaka ngozi ikatoka nayo.

Chagua kinga moja na ukae nayo. Mchanganyiko wa krimu nne ni njia ya kutojua ipi inasaidia na ipi inawasha.

Nepi, vitambaa na kitanda

Pampasi za watu wazima ni ghali, hilo najua. Ndiyo maana nimekuta watu wakizianika juani zikauke na kuzirudisha, au wakivalisha mbili kwa pamoja ili ya ndani itupwe na ya nje ibaki. Ya kwanza ni kumrudishia mkojo wa jana. Ya pili inaongeza joto na mgandamizo. Afadhali ugawe: mchana akiwa kitandani mlaze bila nepi juu ya kitambaa kinachonyonya, nepi ya dukani uiweke kwa usiku na kwa safari. Ngozi nayo inapata hewa.

Chini ya shuka weka mpira au nailoni nzito, makintoshi kama tunavyoita wodini, lakini isiguse ngozi kamwe. Juu ya shuka kitambaa kimoja kilichokunjwa mara mbili. Kila tabaka unaloongeza ni joto na makunyanzi.

Vitambaa visuuzwe mpaka maji yatoke meupe, maana sabuni ya unga inayobaki huwasha. Vianikwe juani, kisha vipigwe pasi pande zote mbili. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, na funza wake huingia ngozini. Joto la pasi huyaua mayai.

Kinyesi kinabadilishwa hapo hapo. Mkojo, pima nepi kwa mkono kila saa mbili. Ikiwa imevimba, toa. Usiku huna haja ya kumwamsha kila saa mbili kama nepi ni nzuri na kinga ipo, isipokuwa unapomgeuza.

Na kumgeuza ni lazima: saa mbili ndizo tulizozoea, ubavu kwa ubavu, akiegemea mto kidogo bila kulalia nyonga moja kwa moja. Mwinueni watu wawili kwa shuka, msimburute. Glavu zilizojazwa maji na maringi ya mpira yanayowekwa chini ya kifandugu, ziacheni. Hukaza ngozi pembeni. Kusugua mgongo kwa spiriti nako tulifundishwa enzi hizo, tumeshaacha.

Ratiba anayoweza kuikumbuka

Mgonjwa ambaye bado ana fahamu, hata kama hawezi kusema vizuri, mara nyingi anaweza kufundishwa tena kutumia chombo cha kujisaidia. Mpe nafasi akiamka, baada ya kila mlo, na kabla ya kulala. Baada ya chai ya asubuhi utumbo huamka, usiikose nafasi hiyo.

Kwa nyumba za Waislamu nimegundua ratiba bora ipo tayari: adhana. Bibi yule niliyeanza naye alikuwa ameacha kuswali miezi miwili akiamini yu najisi wakati wote, na hilo lilimuumiza kuliko ngozi. Familia ilimwita sheikh wa mtaa, akamweleza kuwa mwenye kuvuja mkojo mfululizo hujisafisha na kutawadha wakati wa swala unapoingia, kisha huswali, na kitakachotoka katikati hakimdhuru. Tukaanza: chombo, maji, kinga, nepi safi, swala. Mara tano kwa siku bila mtu kutazama saa.

Swali la nani aoshe nalo lisemwe wazi mapema. Kuna familia ambazo mkamwana hawezi kumfunua baba mkwe, wala mtoto wa kiume mama yake. Ukinyamaza, mgonjwa atalowa mpaka "mtu anayefaa" arudi kutoka kazini. Kaeni kikao, mtafute mjukuu, shangazi, jirani au mtu wa kulipwa, na awepo wa akiba.

Ikishababuka tayari

Ngozi ikiwa imeiva bila kuchubuka, fuata hatua zilezile, acha sabuni kabisa kwa siku hizo, hamia kwenye zinki, na mlaze wazi bila nepi nusu saa mara kadhaa kwa siku.

Ikiwa imechubuka na inatoa majimaji, usifute. Mmwagie maji safi ya uvuguvugu kwa kopo, au maji ya chumvi ya dripu kama unayo, kausha kwa kugusa tu. Paka zinki nene kidogo kuliko kawaida. Plasta na bandeji mahali hapa hazishiki, zinakusanya kinyesi chini yake. Kama anaumia, parasetamoli kwa dozi aliyoandikiwa nusu saa kabla ya kumwosha hubadilisha kazi nzima, kwake na kwako.

Spiriti, dawa za kuulia vijidudu, chumvi, dawa ya meno, ute wa yai: vyote hivi viache. Jivii, ile dawa ya zambarau, inaficha ngozi usione kinachoendelea.

Vipele vidogo vikitapakaa pembeni ya eneo lililoiva kama visiwa, panawasha sana, na kwenye mikunjo pana utando mweupe, hao ni fangasi. Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 ipakwe nyembamba mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hivi, na usiache siku dalili zinapopotea. Ipake kwanza, iache iingie, halafu kinga juu yake. Kuwa macho dukani: utauziwa krimu ya mchanganyiko yenye steroidi ndani, inayotuliza kuwashwa siku tatu na kuifanya ngozi kuwa nyembamba. Omba ya fangasi peke yake.

Kama siku 3 hadi 5 zimepita bila nafuu, mpeleke akaangaliwe. Mpeleke siku hiyo hiyo ukiona usaha, homa, nyama nyeusi, harufu ya kuoza, malengelenge yenye maumivu makali, au shimo juu ya mfupa. Na kwa mwanamume, hasa mwenye kisukari, korodani au eneo la kuzunguka haja kubwa likivimba ghafla na kuuma kupita unachokiona kwa macho, nenda usiku huo huo, usingoje kuche.

Daftari

Wodini tunakabidhiana zamu. Nyumbani watu hupokezana bila kuambiana, kila mmoja akaanza upya na sabuni yake. Daftari la shilingi chache, kalamu imefungwa kwa uzi kando ya kitanda. Mistari mifupi tu, kama hii ya nyumba ya yule bibi:

*Saa 12 asubuhi. Mkojo tu. Maji, zinki. Paja la kushoto bado linachoma, hakuna mchubuko mpya.*

*Saa 3. Chai, uji. Amekaa kwenye chombo, amepata choo laini. Sabuni kidogo, nimesuuza.*

*Saa 7. Hakulowa. Wifi, zinki imebaki nusu kopo, ukitoka kazini pitia duka la dawa.*